Njia Naiona, Mwongozaji wa Nini?

Kuna siku nilikuta ubishi mdogo kwenye geti la Sigi, la kuingilia msitu wa Amani, pale barabara ya udongo kutoka Muheza inapoyaacha mashamba ya michungwa na kuanza kuipanda Usambara Mashariki. Vijana watatu wa Tanga mjini, raba miguuni, mabegi yamejaa maji na maandazi, walikuwa wamesimama mbele ya dirisha la malipo. Mmoja wao ndiye aliyekuwa msemaji. Bibi yake anakaa Kisiwani, kijiji cha hapo hapo jirani. Njia ya kupanda anaiona kwa macho yake. Kiingilio sawa, atalipa, lakini mtu wa kumtangulia ni wa nini? "Njia si hii hapa?" akauliza, huku ameinyooshea kidole. Karani alimjibu neno moja: utaratibu.

Jibu lile ni la kweli, ila halimsaidii aliyeuliza. Utaratibu wa kutembea na mwongozaji katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani umefumwa kwa nyuzi nyingi: sheria, historia ya Wajerumani na Waingereza, mashamba ya iliki yaliyofungwa, maji ya bomba ya jiji la Tanga, na viumbe ambao ukiwakosa hapa hutawapata popote duniani. Mtu asiyeelezwa hayo ana haki ya kudhani anakamuliwa fedha. Mimi siku hiyo niliungana na vijana wale, tukachukua mwongozaji mmoja, mtu wa makamo ambaye wote tulimwita mzee tangu shikamoo ya kwanza. Mengi ya ninayoyaandika hapa nilikuwa nimeyasoma kabla. Maana yake niliielewa kwa kutembea nyuma yake.

Neno "hifadhi" lenyewe ndilo linaloanza kutuchanganya. Mitaani kila kitu ni hifadhi: Serengeti, Ngorongoro, msitu wa nyuma ya shule. Serikalini kila mlango una mwenye ufunguo wake. Hifadhi za taifa, kama Kilimanjaro au Milima ya Udzungwa iliyotangazwa mwaka 1992, zinasimamiwa na TANAPA. Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe. Mapori ya akiba yako kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Misitu ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na katika misitu hiyo daraja la juu kabisa la ulinzi ndilo linaloitwa hifadhi ya mazingira asilia. Amani ilikuwa ya kwanza nchini kupata daraja hilo, mwaka 1997, misitu kadhaa midogo ya zamani ilipounganishwa kuwa eneo moja la hekta zipatazo 8,380. Baadaye wakafuata wengine: Uluguru juu ya Morogoro, Magamba karibu na Lushoto, Chome kule Same, Mlima Rungwe, Mlima Hanang.

Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu kwa mtembeaji. Katika msitu wa kawaida wa serikali mtu anaweza kupewa kibali cha kuvuna mbao; katika hifadhi ya mazingira asilia mti haukatwi. Kilichobaki ni utafiti, elimu, maji na matembezi. Halafu, tofauti na mbuga, Amani si nyika tupu iliyofungwa. Ukipanda kutoka Sigi unapita kwenye vijiji, unakutana na mashamba ya chai ya Kwamkoro, Bulwa na Monga, kuna majengo ya kituo cha zamani cha utafiti wa malaria, kuna shule, kuna bodaboda. Simba hayupo, tembo hayupo. Kwa hiyo mwongozaji wa Amani habebi bunduki, wala hakuja kukulinda na mnyama. Na hapo swali la kijana wa Kisiwani linazidi kuwa zito: kama hatari haipo na njia inaonekana, huyu mzee anafanya nini mbele yetu?

Jibu la kwanza lilikuja baada ya kama nusu saa. Tulikuwa tumeshavuka kijito, jasho linatiririka, kila mtu anaangalia unyayo wake, na sisi tulichokiona mpaka hapo kilikuwa kijani. Mzee akasimama kwenye mwamba wenye unyevu, mahali jua halifiki, akainama na kutuita. Palikuwa na mmea mdogo kuliko kiganja, majani yenye manyoya laini, na maua matatu ya zambarau. Tungeupita. Tulikuwa tumeshaupita, kwa kweli, maana mimi nilikuwa mbele yake hatua mbili.

Ua hilo Wasambaa wengine huliita dughulushi. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi kwa heshima ya ukoo huo: Saintpaulia. Leo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, limezalishwa kwa rangi na maumbo yasiyohesabika, na wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba kwao ni kwenye miamba ya Tanga na Usambara. Porini linahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mwamba, unyevu na kivuli. Kata mti mmoja unaolifunika, jua likaupiga mwamba, basi. Mzee alituambia tusiliguse, na alisimama kati yetu na ule mwamba mpaka wa mwisho wetu alipopita.

Ili kuelewa kwa nini viumbe wa namna hiyo wamerundikana hapa, lazima uiangalie milima hii kwa ramani kubwa. Usambara ni pingili moja katika mnyororo unaoitwa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru, Uluguru, ukaishia Udzungwa na milima jirani yake kusini. Milima hii iliinuka mamilioni ya miaka kabla Kilimanjaro haijamwagwa na volkano. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, unagonga ukuta wa Usambara kama kilomita 50 tu kutoka pwani, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mvua. Amani hupata takriban milimita 1,900 kwa mwaka. Dodoma haifikishi 600. Na bahari ile haikuacha kazi yake hata zama zile dunia ilipopoa na bara la ndani likakauka. Misitu iliyowahi kuungana na ile ya Kongo ilikatika, nyika ikaingia katikati, lakini hapa juu ukungu uliendelea kuja. Viumbe waliobaki huku wakawa kama watu wa kisiwa: hawana pa kwenda, wakabadilika polepole kila mmoja katika mlima wake.

Ndiyo maana kuna chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, aliyepewa jina la Amani. Kuna kinyonga dume wa pembe tatu, Trioceros deremensis, aliyepewa jina la Derema, mwendo mfupi kutoka hapa. Kuna chura mdogo wa jenasi ya Nectophrynoides, ambaye hatagi mayai kama vyura wengine: anazaa watoto hai, wadogo kama punje, walioshakuwa vyura kamili. Wasomaji wengi wa Tanzania mnamfahamu ndugu yake bila kujua. Ni wale vyura wa Kihansi waliopelekwa Marekani kutunzwa maporomoko yao yalipopunguziwa maji. Ukoo huo wote ni wa Tanzania peke yake.

Hayo yote yapo ndani ya kijani kile kile ulichokiona wewe na mimi. Kinachokosekana ni jicho. Na jicho la msitu halipatikani kwa kusoma bango. Linatokana na mtu kupita njia moja mara elfu, masika na kiangazi, mchana na usiku.

Somo zito zaidi lilikuwa la miti, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu yule mzee kwelikweli. Tulifika mahali pazuri mno: miti mirefu iliyonyooka, magome meupe meupe, mwanga unapenya kwa juu. Kijana wa Kisiwani akatoa simu apige picha. Mzee akamwacha apige, kisha akasema taratibu, "Huo si msitu wetu, baba. Huo ni msizi." Msizi, wengine husema mhesi, ni mti wa ukanda wa Maziwa Makuu, wa Bukoba, Uganda na Kongo. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita, kwenye bustani ya majaribio. Unakua haraka mno na matunda yake ni matamu kwa hondohondo, ambao humeza mbegu huku na kuziangusha kule. Katika msitu uliofunga vizuri hauna nafasi, kwa sababu unataka mwanga. Lakini miaka ya 1970 na 1980 milima hii ilikatwa mbao kwa mashine kubwa, na kila pengo lililoachwa na msumeno msizi ukaliingia. Cha kusikitisha, Ufini iliyosaidia sekta hiyo ya mbao ndiyo iliyokuja kusaidia uhifadhi baada ya wanasayansi kupiga kelele. Ukitembea peke yako utarudi Tanga na picha nzuri ya kidonda, ukidhani umepiga picha ya msitu wa asili. Msambu wenye mbegu za mafuta, mtambara, mnyasa, hiyo ndiyo miti ya kwao. Mzee alitugusisha magome yake mmoja mmoja, na alitufundisha kuangalia chini: chini ya msizi vichaka hufumana ovyo, chini ya mtambara mkubwa panatulia.

Bustani iliyoleta msizi ina kisa chake. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo na mimea hapa mwaka 1902 chini ya Franz Stuhlmann, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto: mdalasini, karafuu, mipira, mikwinini. Wakajenga reli nyembamba mpaka Sigi ya kushushia mbao. Ndiyo maana pale getini kuna nyumba ya kale ya stesheni pasipo na treni. Vita vya Kwanza vilipowazingira, gome la mikwinini ya Amani liliwapa askari wao kwinini ya malaria. Waingereza wakarithi kituo, na mwaka 1928 akaja karani mmoja mpenda ndege, Reginald Moreau, ambaye kazi yake ya hapa ilimfanya mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Yuko ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu, adimu kupindukia, anayebeba jina lake mpaka leo: Artisornis moreaui.

Lakini Moreau hakuyaona yote kwa macho yake. Alikuwa na Salimu Asmani, Mtanganyika aliyetafuta viota, akatambua milio na kukaa saa nyingi akihesabu mara ngapi ndege analisha makinda. Jina la Salimu hulikuti kwenye kitabu cha mfukoni cha ndege. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu historia ya waongozaji wa Amani inaanzia kwake na kwa wengine ambao hawakuandikwa kabisa. Mtu anayetangulia mbele ya mgeni leo getini Sigi yuko kwenye kazi ya zaidi ya miaka 90 ambayo kwa muda mrefu iliitwa "uboi".

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiyo iliyozua ubishi.

Kabla ya 1997 na hata baada yake, watu wa vijiji hivi walikuwa na maisha ndani ya msitu. Iliki ilistawi chini ya kivuli cha miti mikubwa na ilikuwa zao la fedha lisilo na mpinzani: nyepesi kubeba, bei nzuri, inakaa. Ila ili iliki iote, mkulima hufyeka vichaka na miche yote ya chini, hivyo miti mizee inakufa bila mrithi. Msitu unaonekana umesimama kumbe hauna watoto. Serikali ilipoamua kulifunga eneo la Derema, linalounganisha msitu wa Amani na ile ya kaskazini, mamia ya wakulima walipoteza mashamba ya iliki, na habari ya fidia ilichukua miaka na kuacha manung'uniko. Mwaka 2003 ikaja dhahabu: watu walimiminika Sakale na vijito vya jirani, wakachimbua kingo za mito mpaka maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, kisha wakafukuzwa. Kwa ufupi, kila miaka michache mwanakijiji wa Usambara Mashariki ameambiwa kitu kingine ambacho hakiruhusiwi tena.

Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilileta kinachoitwa usimamizi shirikishi. Kijiji kinaweza kuwa na msitu wake chenyewe, kikautunza na kuuvuna kwa taratibu zake. Au kinaweza kuingia makubaliano ya kusaidia kulinda msitu wa serikali, kama ilivyo kuizunguka Amani. Katika aina hii ya pili wajibu ni mwingi na mapato ni kidogo, kwa sababu hakuna mbao za kugawana. Unapata siku za kuokota kuni zilizokauka, unapata dawa za miti shamba kwa ruhusa, unapata maji. Kazi ya kuongoza wageni ni mojawapo ya milango michache ambayo msitu ukiwa umesimama unamwekea mtu wa kijijini fedha mkononi. Ukitembea bila mwongozaji, mlango huo umeufunga.

Kwa hiyo unapofika dirishani ujue unalipia vitu viwili visivyofanana. Kiingilio ni mapato ya serikali: unapewa namba ya malipo, ile kila mtu anayoiita kontrol namba, unalipa kwa simu au benki, na kiwango cha Mtanzania ni cha chini sana kuliko cha mgeni wa nje. Malipo ya mwongozaji ni ujira wa mtu wa kazi ya siku hiyo. Uliza waziwazi ipi ni ipi, na uombe risiti ya kiingilio. Hakuna mwongozaji mwadilifu atakayechukia swali hilo. Mimi ningependa getini pawe na karatasi ya herufi kubwa inayosema shilingi fulani zinakwenda wapi. Ubishi wa yule kijana ungeisha kabla haujaanza.

Kuna na jambo la maji, ambalo kijana huyo huyo alilinyamazia alipolisikia. Vijito vyote tulivyovuka vinaingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, linalonywesha jiji la Tanga. Mamlaka ya maji ya Tanga inalijua hili vizuri mno, ndiyo maana imeshirikiana na wakulima wa bonde hili waliojiunga katika umoja wa UWAMAKIZI kulima bila kubomoa kingo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kukuza huduma ya maji. Anayefungua bomba Chumbageni, Tanga mjini, anaufungua mlima huu.

Kazi nyingine ya mwongozaji haisemwi sana: yeye ni shahidi. Vinyonga na vyura wa Usambara walikuwa biashara ya kusafirishwa nje, mpaka Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mkoba mmoja wa mgongoni unaweza kumaliza vinyonga wa kichaka kizima. Mtu aliyekulia pale akitembea na wageni anajua nani ameinama mahali pasipostahili na nani amebeba chupa yenye matundu kifunikoni.

Kuhusu maandalizi sina mengi. Juni mpaka Septemba na Januari mpaka Februari njia zina nafuu; wakati wa masika barabara ya kutoka Muheza inateleza na gari linaweza kulala njiani. Viatu vyenye meno, soksi ndefu uzivute juu ya suruali kwa ajili ya siafu, koti la mvua hata kama asubuhi ni kweupe. Usifanye haraka. Kilima cha Mbomole mtu mwenye mbio hukimaliza saa moja na nusu, naye hurudi na hadithi ya jasho tu. Sisi kilituchukua asubuhi nzima. Ukiwakuta wazee kijijini wasalimie kwanza, na ukijua "onga makeo" ya Kisambaa utaona nyuso zinavyofunguka.

Ukiweza, lala juu na uombe matembezi ya usiku. Tulifanya hivyo. Mzee alitangulia na tochi, akiimulika kwenye ncha za matawi membamba, huku sisi tukimfuata kimya. Kinyonga akilala hupauka, na hulala mwishoni kabisa mwa kitawi ili nyoka akija, kitawi kitikisike na kumwamsha. Ukilijua hilo unaacha kutafuta mnyama, unatafuta kipande cheupe mahali ambapo jani lingekuwa la kijani. Wa kwanza alituonyesha mzee. Wa pili pia. Tulitembea tena kama dakika kumi bila kitu, vyura wanalia kwenye bonde, mara kijana wa Kisiwani akanishika bega kutoka nyuma, akaelekeza tochi yake juu ya kichwa changu, na kuninong'oneza nisisogee.